Mama Mfawidhi na Kioo cha Gari la Wagonjwa

Habari za kifo chake nilizipata kwa dereva. Alinipigia simu asubuhi nikiwa bado napuliza chai, na badala ya salamu akasema, "Katibu, yule Mnyamwezi wetu ametua mzigo." Nikaanza kucheka, kwa mazoea ya utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, kisha nikasikia anavyovuta pumzi upande wa pili na kicheko kikanikauka mdomoni. Mama Mfawidhi alikuwa amefariki dunia nyumbani kwake Pangani, hapa Kibaha, baada ya kuugua kwa miezi kadhaa. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanakumbuka kwamba kabla sijaingia katika kazi hii ya kuandika nilikuwa mtumishi wa kituo kimoja cha afya upande wa Kisarawe, nikisaidia shughuli za ofisi, na ndiyo maana dereva yule ananiita katibu mpaka leo. Mama huyu alikuwa mganga mfawidhi wa kituo hicho, yaani msimamizi wetu sote. Cheo chake tulikifanya jina, na sidhani kama wagonjwa walilijua lile alilopewa na wazazi wake. Mnisamehe basi leo nikiacha yanayozungumzwa mjini nikamzungumza yeye.

Mazikoni palitokea jambo lililowashtua vijana. Jeneza lilipotolewa ndani, dereva, ambaye sasa ni mstaafu mwenye mvi na goti bovu, alijilaza chini mbele ya mlango, akakunja mikono kifuani na kusema hapiti mtu. "Huyu amekuja Pwani kwa miguu na mzigo kichwani," akapaza sauti, "nani amempa ruhusa ya kuondoka bila kutuaga sisi wenyeji?" Mpwa wa marehemu, kijana wa Dar aliyevaa suti, akataka kumwinua kwa nguvu, lakini shangazi mmoja aliyetoka Tabora akamshika mkono. "Mwache, ni Mzaramo huyo. Ni mtani wake." Watu wakacheka, huku machozi yanawatoka. Dereva naye alicheka, halafu akashindwa kuamka. Aliyemwinua ni mwanamke mnene aliyekuwa amesimama miongoni mwa waombolezaji, muuguzi wetu wa wodi ya wazazi wa wakati ule. Alimshika kwapani, akamkung'uta vumbi mgongoni, akamwambia, "Twende kaka, umeshamuaga." Waliokuwapo waliona ukarimu wa kawaida tu. Mimi nilipowaona wawili wale wameshikana mikono nilisogea pembeni, maana ninakumbuka wakati ambapo hawakuweza kupeana hata shikamoo.

Ugomvi wao ulianza kwa sentensi moja. Siku moja walirudi kutoka kumpeleka mgonjwa wa rufaa Kibaha, na Sista, kama tulivyomwita muuguzi huyo, akashuka kwenye gari la wagonjwa amefura. Mbele ya ndugu za wagonjwa, mbele ya mlinzi na wanawake waliokuja kliniki, akamwambia dereva, "Wewe unaendesha kama umebeba magunia ya mkaa!" Dereva alifunga mlango wa gari polepole, akajibu kwamba kazi ya uuguzi si kupiga kelele, akaenda zake. Tangu hapo wakaacha kusemeshana. Mwanzoni tulidhani ni hasira ya siku mbili. Haikuwa hivyo. Sista aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp kwamba watumishi wengine wanasahau wamebeba roho za watu, dereva akamjibu kwa kidole gumba peke yake, na kidole gumba kile kikamuudhi kuliko matusi. Akaiblok namba yake. Wakikutana ukumbini, mmoja hugeuka kusoma tangazo ukutani. Safari zikawa zinapangwa kupitia kwa mlinzi wa getini: mwambie dereva hivi, mwambie Sista vile. Nasi wengine tukajipanga nyuma ya mmoja au mwingine. Maabara walikuwa upande wa dereva, wauguzi upande wa Sista. Majungu yakapikwa na yakaiva.

Huenda unajiuliza mfawidhi alikuwa wapi. Alikuwapo, na aliwaona. Aliwahi kumwita kila mmoja peke yake na kila mmoja akamwambia hana tatizo na mtu. Tatizo la neno hilo ni kwamba ukishalitamka, aliyekuja kukusaidia hana pa kushika. Baadaye aliniambia kwamba alijilaumu kwa kulikubali. Alidhani muda utawapoza, kumbe kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo wenyewe ulikuja msimu wa masika. Asubuhi ile dereva alimwambia mlinzi, "Kamwambie Sista tairi la akiba limepasuka, nalipeleka Mlandizi kuzibwa. Kama kuna mgonjwa wa kutoka, aseme kabla sijaondoka." Mlinzi alikuwa anafungua geti, anaelekeza watu, anazuia mbuzi wa jirani wasiingie kwenye maua. Alipofika wodini ujumbe ulikuwa umebaki kipande: "Dereva anasema kama una mgonjwa, useme." Sista alisikia kejeli. Hakujibu. Dereva akasubiri, akaona kimya, akawasha gari. Adhuhuri alikuwapo mama mmoja aliyekuwa anajifungua mtoto wake wa kwanza, ikabainika kwamba mtoto amekaa vibaya na uchungu hausogei. Kituo chetu wakati huo hakikuwa na chumba cha upasuaji. Ilibidi apelekwe Kibaha mara moja. Sista akatoka mbio hadi kibarazani, akatazama mahali gari linapoegeshwa, akaona ardhi tupu yenye alama za matairi.

Sitasahau namna alivyosimama pale na mvua inamnyeshea. Mlinzi akapiga simu kwa dereva, haikupatikana, maana njiani kuna bonde lisilo na mtandao. Mama Mfawidhi akaingia wodini mwenyewe, akavaa glovu, akakaa na mgonjwa. Mume wa yule mama, mkulima kijana mwenye viatu vilivyojaa tope, alikuwa amesimama dirishani anasikiliza tunavyoulizana nani alimwambia nani. Mlinzi kwa kujitetea akaropoka kwamba yeye amechoka kubeba maneno ya watu wasiosemeshana. Yule kijana akageuka akatutazama sote, mmoja baada ya mwingine, akauliza bila kupandisha sauti: "Kwa hiyo ninyi hamsemeshani, na mke wangu yumo humo ndani?" Nimesikia hotuba nyingi kuhusu uwajibikaji kazini tangu siku hiyo, na hakuna iliyonifika kama swali lile.

Gari lilirudi mwishowe. Dereva alipoambiwa alilitupa tairi ndani, machela ikapakiwa, wakaondoka katika ile barabara ya tope hadi Mlandizi na kisha lami mpaka Kibaha, wote wawili ndani ya gari moja, yeye mbele na Sista nyuma. Mama yule alifanyiwa upasuaji jioni hiyo. Alipona, na mtoto akapona pia, ingawa alikaa kwa muda katika chumba cha watoto wanaohitaji uangalizi. Tuliposikia, tulikumbatiana kama watu waliopewa kitu wasichostahili.

Siku iliyofuata tulitarajia adhabu. Wapo waliokuwa wameshaanza kubashiri nani atahamishwa. Mama Mfawidhi akatokea asubuhi na mkoba wake, akamwambia dereva aandae gari twende Kibaha kumjulia hali mgonjwa, na akamwambia Sista apande mbele, kiti cha pembeni ya dereva. Yeye na mimi tukapanda nyuma na kukaa kwenye benchi kando ya machela. Kati ya sehemu ya mbele na ya nyuma palikuwa na kioo kizito kisichofunguka, hivyo mwanzo wa safari tuliona visogo vyao tu, kila kimoja kikitazama dirisha lake. Tulipovuka bonde lile, gari likarushwa na shimo na mimi nikajigonga kichwa. Mama akapiga kelele, "Polepole, mtani!" Gari halikupunguza mwendo. Akapaza sauti tena. Dereva aliendelea kutazama mbele, ametulia kabisa. Nikamwona mama anakitazama kile kioo, halafu anakigonga kwa pete yake kwa nguvu hadi dereva akashtuka na kusimama.

Tulishuka kando ya barabara. Mvua ilikuwa imekatika na mashamba ya mihogo yanatoa mvuke. Mama hakuanza na shutuma. Alimwuliza dereva, "Mtani, umenisikia nikikuita?"

"Lini, mama?"

"Nimekuita mara mbili."

"Wallahi sijasikia kitu. Kwa kioo hicho, ukiwa mbele husikii hata bunduki."

Sista aligeuka. Ndiyo mara ya kwanza kwa kipindi kirefu nilimwona akimtazama dereva usoni. "Husikii?" akauliza. "Siku zote huwa husikii?"

"Naona mdomo wako kwenye kioo cha juu. Nadhani unamfokea mgonjwa."

Mama Mfawidhi hakudandia hapo kusema ahaa. Wengi wetu tungefanya hivyo, tukamaliza mambo kwa kucheka na kupanda gari. Yeye aliegemea boneti akasema, "Sasa nataka kila mmoja aniambie mwenzake ana uchungu gani. Wa kwako sitaki. Wa mwenzako. Na mwenye uchungu ndiye atakayesema kama umepatia. Mtani, anza. Sista anaumia nini?"

Dereva alijikuna shingo. "Anasema naendesha vibaya."

"Siyo," akasema Sista.

"Basi anaona sijali wagonjwa."

"Siyo hivyo."

"Basi sijui, mama. Mimi si mganga wa kienyeji."

"Hujui," akasema Mama, "na umemnunia muda wote huu. Muulize."

Akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili, akauliza, "Sista, kwani nini?" Naye Sista akaeleza kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukisikia. Siku ile ya magunia ya mkaa alikuwa nyuma na mwanamke aliyekuwa anatoka damu. Dripu ilichomoka gari liliporuka tuta. Alipiga magoti sakafuni akimshika mgonjwa kwa mkono mmoja na kutafuta mshipa kwa mwingine, akilia na kuita punguza, punguza, na gari likizidi kukimbia. "Nilijua unanisikia," akamwambia. "Nilijua unanisikia na umeamua kuninyamazia. Yule mama ananitazama mimi, anadhani mimi ndiye nisiyeweza kazi."

Dereva alikaa chini kwenye ukingo wa barabara. Mama akamgeukia Sista. "Na yeye? Ana uchungu gani?"

"Nilimfananisha na mbeba mkaa."

"Umekaribia," akasema dereva, bado anatazama chini. "Baba yangu alichoma mkaa. Ada yangu yote ya shule ilitoka kwenye tanuri la mkaa, na kifua kilichomuua kilitoka humohumo. Na magunia yake, Sista, alikuwa anayapanga kwa adabu kuliko unavyodhani." Akaigeuza kofia mikononi. "Halafu kuna lingine. Nilipoanza kazi hii nilikuwa naendesha taratibu kama harusi. Siku moja nikamleta mzee wa watu hivyohivyo, taratibu, nikafika hospitali wakaniambia amefia njiani. Mwanawe akaniuliza, ulikuwa unangoja nini? Tangu siku hiyo nikisikia mlango wa nyuma umefungwa, mguu wangu hauwezi kutulia."

Sista alilia waziwazi. "Kaka, sikujua," akasema. "Naapa sikujua habari za baba yako." Dereva akamjibu kwamba naye hakujua habari za dripu, na kwamba angejua angesimama hata katikati ya daraja. Mmoja alikuwa anaomba mwendo upungue kwa sababu ya mgonjwa. Mwenzake alikuwa anakimbia kwa sababu ya mgonjwa huyohuyo. Kila mmoja alikuwa amebeba mgonjwa wake moyoni, na katikati palikuwa na kioo.

Tulipofika Kibaha tulimwona mzazi, tukamwona na kichanga. Mama Mfawidhi alimwomba radhi yule mume kijana kwa niaba ya kituo kizima, wala hakusingizia mvua wala mtandao. Kisha akamwambia dereva atupeleke gereji. Fundi akauliza anataka kioo gani kipya. "Sitaki kipya," akasema. "Nataka hiki kitoke." Dereva akalalamika kwamba vumbi lote la Kisarawe litaingia mbele. "Ninyi Wazaramo mmeanza lini kuogopa vumbi, na ngoma mnazicheza humo humo?" akamjibu. "Vumbi linafutika, mtani." Kioo kikang'olewa. Sikusikia tena habari ya ujumbe kupelekwa na mlinzi.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mtu wa kuchelewa kila mahali isipokuwa kwa wagonjwa, alikuwa anaimba kwaya kwa sauti iliyotukimbiza ofisini, na alikuwa na ulimi. Siku moja katika kikao cha asubuhi alimfokea tabibu mmoja kijana kwa kutofika zamu, akamsema hadi tukainamisha vichwa. Mchana ikabainika kwamba ratiba ilibadilishwa na yeye mwenyewe akasahau kumjulisha. Nilimshauri amwite kijana ofisini wamalize kimyakimya. Akanitazama kana kwamba nimependekeza wizi. "Katibu, nimemkosea mbele ya watu, nikamwombe radhi chumbani?" Kesho yake, mbele ya wote, akasimama akasema, "Jana nilimdhalilisha mwenzetu kwa kosa langu. Nisamehe, baba." Kijana yule alipigwa na butwaa, alikuwa hajawahi kuombwa radhi na mkubwa. Wala si kila aliyeguswa naye alipona kisirani chake. Palikuwa na mfamasia mmoja aliyegombana na nusu ya kituo. Mama alimfuata nyumbani kwake, akamsikiliza mara kadhaa, na bado bwana yule akaomba uhamisho na kuondoka bila kuaga. Jambo hilo lilimuuma mama mpaka alipostaafu.

Nimefanya kazi katika ofisi nyingi tangu wakati huo, na ninachokiona kinanitisha kidogo. Tumepewa simu za kutosha kuzungumza usiku na mchana, na tumezitumia kujenga vioo. Mtu aliye chumba cha pili anakutumia ujumbe mkali, nawe unamjibu kwa alama ya kucheka isiyo na kicheko. Vikaoni mwenyekiti anauliza kama kuna la ziada, tunasema hakuna, kisha tunatoka nje na ya ziada ndiyo tunayoyazungumza njia nzima mpaka stendi ya Maili Moja. Tunaiita heshima, wakati mwingi ni nidhamu ya woga. Tunasema funika kombe mwanaharamu apite, na mwanaharamu hapiti, anahamia kombeni. Na wakubwa wetu, wakiona wafanyakazi wawili hawaelewani, mmoja anahamishiwa huku na mwingine kule, kila mmoja akienda na kioo chake kwapani. Ninaamini sasa kwamba wengi tunaowaona kazini kuwa wabaya wetu hawana ubaya. Wana maelezo ambayo hawajawahi kuombwa.

Mara ya mwisho nilimtembelea Pangani, alikuwa amekonda, amekaa barazani anawarushia kuku wake mchele uliobaki. Nilimwuliza jambo nililotaka kulijua kwa miaka: alikitoa wapi kile kipaji cha kuwakalisha watu wanaochukiana. Alicheka hadi akakohoa. "Kipaji gani, katibu? Siku ile ya barabarani nilikuwa natetemeka. Niliegemea boneti kwa sababu magoti yalikuwa hayanishiki. Kila mara ilikuwa hivyo. Naogopa watanitukana, naogopa nitaharibu zaidi."

"Sasa ulikuwa unafanyaje?"

"Nilikuwa naenda hivyohivyo na woga wangu. Ningengoja uishe, ningekuwa nangoja mpaka leo."

Ndilo funzo ninalotaka kuwaachia. Tumezoea kudhani kwamba wanaopatanisha wamezaliwa na ulimi wa asali, na sisi tusio nao tumesamehewa. Hapana. Ni watu wenye woga kama wetu waliokubali kuinuka. Bila shaka yupo mtu kazini kwako ambaye sasa hivi, ukisoma mistari hii, sura yake imekujia. Usimwandikie. Nenda mpaka mezani kwake, magoti yakitetemeka uegemee meza, umwulize anaumia nini. Kisha unyamaze, umsikilize mpaka amalize.